Mbwa Mwitu, Mierebi na Mito: Nini Hasa Hubadilika Mnyama Mwindaji Anaporudishwa?

Swali: Ndugu mtaalamu, nimesoma mara nyingi kwamba mbwa mwitu waliporudishwa katika hifadhi ya Yellowstone nchini Marekani, miti iliyokuwa ikitafunwa iliota upya, wanyama wengine wakaongezeka na hata mito ikabadili mkondo. Je, habari hii ni ya kweli? Na je, tutegemee matokeo ya namna hiyo popote ambapo mnyama mwindaji wa asili amerudishwa baada ya kutoweka?

Jibu: Ndugu msomaji, sehemu ya habari hiyo ni ya kweli, sehemu imetiwa chumvi, na bahati mbaya ile iliyotiwa chumvi ndiyo iliyosafiri mbali zaidi. Msimamo wangu, ambao nitajaribu kuueleza kwa mifano, ni kwamba mnyama mwindaji anaporudi hubadilisha kwa uhakika mkubwa mambo yaliyo karibu naye, yaani idadi na mwenendo wa mawindo yake, maisha ya wawindaji wadogo kuliko yeye na riziki ya wale wanaoishi kwa mizoga. Uhakika huo hupungua kadiri tunavyoshuka kuelekea kwenye majani, udongo na maji, kwa sababu huko chini kuna mambo mengine mengi yanayoamua, na baadhi yake yalikwisha kubadilika katika miaka ambayo mnyama huyo hakuwapo.

Tuanze na Yellowstone kwenyewe, kwa kuwa ndiko ushahidi ulikokusanywa kwa muda mrefu. Mbwa mwitu wa kijivu walimalizwa ndani ya hifadhi hiyo kufikia mwaka 1926, kwa risasi, mitego na sumu, chini ya sera ya serikali iliyowahesabu kuwa waharibifu. Mawindo yao makuu walikuwa elki, wanyama wakubwa wa jamii ya kulungu ambao madume wao huota pembe zenye matawi na kuziangusha kila mwaka. Baada ya mbwa mwitu kutoweka, elki waliongezeka kiasi kwamba kwa miongo kadhaa, hadi kuelekea mwisho wa miaka ya 1960, watumishi wa hifadhi waliwapunguza wao wenyewe kwa kuwaua au kuwahamisha. Kazi hiyo ilipokoma idadi ikapanda tena, na katikati ya miaka ya 1990 kundi la kaskazini peke yake lilikuwa na elki wapatao 19,000. Mwaka 1995 wakaletwa mbwa mwitu 14 kutoka Alberta nchini Kanada, na mwaka uliofuata wengine 17 kutoka British Columbia. Kufikia mwaka 2013 kundi lile la elki lilikuwa limeshuka chini ya 4,000.

Wengi wakifika hapa huona kesi imekwisha. Hata hivyo, katika miaka hiyohiyo simba wa milimani, yaani puma, walikuwa wamekwisha kurudi wenyewe. Dubu waliongezeka nao wakawa wanaua ndama wengi wa elki. Watu waliendelea kuwinda elki majike waliotoka nje ya mipaka ya hifadhi wakati wa baridi. Na mwanzoni mwa miaka ya 2000 kulikuwa na ukame. Mbwa mwitu wana sehemu kubwa katika kushuka huko, hilo silikatai, lakini hawakuwa peke yao, na mtu anayewapa sifa yote anafanya hesabu kwa tarakimu moja huku akiziacha nyingine nne.

Suala la mierebi na mito linahitaji maelezo marefu kidogo, kwani hapo ndipo kiini cha swali lako kilipo. Mwerebi ni mti wa kandokando ya maji. Theluji inapofunika nyasi, elki hugeukia matawi yake, na kichipukizi ambacho hakijavuka urefu wa mita mbili hivi huliwa ncha kila mwaka, kikabaki kifupi kama kichaka kilichokatwa kwa makasi. Katika vijito hivyo aliishi pia biva, mgugunaji mkubwa wa majini anayekata miti kwa meno na kuziba vijito kwa mabwawa ya magogo na matope. Biva anahitaji mierebi mirefu kwa chakula na kwa ujenzi. Mierebi nayo inahitaji mabwawa ya biva, kwa sababu bwawa hupandisha maji yaliyo ardhini hadi yakaifikia mizizi. Elki walipokula mierebi kwa miaka sabini, biva walikosa riziki wakaondoka, mabwawa yakabomoka, na maji yaliyokuwa yakitambaa taratibu yakapata kasi na kuchimba sakafu ya kijito. Mkondo ukazama ndani ya ardhi, maji ya chini nayo yakashuka pamoja nao, na mizizi ya mierebi ikaachwa juu, pakavu.

Sasa fikiri kinachotokea elki wanapopungua. Mdomo uliokuwa ukila kichipukizi umeondoka, lakini maji hayajarudi. Kuanzia mwaka 2001, watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado walilipima jambo hili kwa njia ninayoipenda kwa unyofu wake: katika vijito vya kaskazini mwa Yellowstone walijenga mabwawa ya kuiga yale ya biva, na wakaweka uzio wa kuzuia elki, kisha wakalinganisha viwanja vyenye vyote viwili, vyenye kimoja tu, na visivyo na chochote. Mierebi ilirefuka vizuri pale palipokuwa na bwawa na uzio pamoja. Palipokuwa na uzio bila maji, ukuaji ulikuwa wa kusuasua. Na pale palipoachwa kwa mbwa mwitu peke yao, mabadiliko yalikuwa madogo hata baada ya miaka ishirini. Kwa lugha ya kitaalamu tunasema mfumo ulikuwa umehamia katika hali nyingine iliyo thabiti, ambayo haiondoki kwa kuondoa tu sababu iliyouleta hapo.

Hiyo haimaanishi kwamba hakuna mahali palipopona. Yapo maeneo ambako mierebi imerefuka na biva wamerudi, hasa mahali ambapo maji ya ardhini hayakuwa yameshuka sana. Lakini hata kuhusu biva kuna jambo ambalo habari zinazosambaa hulisahau: kati ya mwaka 1986 na 1999 biva zaidi ya mia moja waliachiliwa na watu katika msitu wa taifa ulio kaskazini mwa hifadhi, na baadhi yao au watoto wao wakashuka hadi ndani. Kwa hiyo, kusema kwamba mito ya Yellowstone ilibadili mkondo kwa ajili ya mbwa mwitu ni kuvuka mpaka wa ushahidi tulio nao.

Kuhusu miti aina ya aspeni, mgogoro wa kitaalamu ni mkali zaidi, na umetufunza jambo kuhusu upimaji. Tafiti kadhaa za awali zilipima, katika kila kishamba cha aspeni, vichipukizi vitano vilivyo virefu kuliko vyote, kwa hoja kwamba hivyo ndivyo vitakavyokuwa miti kesho. Utafiti wa baadaye ulichagua vichipukizi kwa kubahatisha, pasipo upendeleo, na ukakuta kupona kupo lakini ni kudogo mara kadhaa kuliko kulivyotangazwa. Ukichagua wanafunzi watano warefu kuliko wote na kuwapima urefu, usishangae ukihitimisha kwamba shule nzima imerefuka. Aidha, idadi ya nyati wa Amerika imeongezeka sana huko kaskazini, nao hula na kuvunja miti michanga, na mbwa mwitu huwaweza kwa shida kubwa kutokana na ukubwa wao. Mlaji mmoja amepungua, mwingine amechukua nafasi.

Nimekaa sana Yellowstone kwa sababu ndiko swali lako lilikotoka. Ukitaka mfano ambao mnyororo mzima ulifanya kazi kama vitabu vinavyosema, nenda baharini. Fisi maji wa bahari ya Pasifiki ya kaskazini waliwindwa kwa ajili ya manyoya yao tangu karne ya 18 hadi wakakaribia kwisha. Mkataba wa mwaka 1911 ndio uliowaokoa wachache waliobaki. Kati ya mwaka 1965 na 1969 fisi maji wapatao 400 walihamishiwa kusini-mashariki mwa Alaska, na kati ya mwaka 1969 na 1972 wengine 89 wakapelekwa British Columbia. Chakula chao kimojawapo ni urchini, wale viumbe wa mviringo wenye miiba wanaotambaa juu ya miamba chini ya maji na kuguguna mashina ya mwani mkubwa unaoitwa kelpu. Fisi maji hana tabaka nene la mafuta mwilini kama sili, hivyo hujipatia joto kwa kula sana, kiasi cha robo ya uzito wake kila siku. Mahali alipokaa, urchini wakubwa walipungua upesi na misitu ya kelpu ikasimama tena, pamoja na samaki wanaojificha ndani yake. Miaka ya 1990, fisi maji walipopungua sana katika visiwa vya Aleutian, jambo ambalo watafiti walilihusisha na nyangumi wauaji walioanza kuwala, urchini walirudi kwa wingi na kelpu ikapotea. Mnyororo uleule ulisomeka mbele na nyuma.

Kwa nini baharini kukawa wazi namna hiyo na Yellowstone kukawa na utata? Jibu langu ni kwamba mnyororo wa baharini una viungo vitatu tu, kila kiungo kinamtegemea mwenzake karibu peke yake, na kelpu hukua kwa kasi kubwa kwenye mwamba ambao haukubadilika wakati fisi maji hawakuwapo. Hakuna kijito kilichozama wala udongo uliochukuliwa. Nchi kavu ina walaji wengi, mimea yenye miiba na sumu na mizizi mirefu, na miti inayochukua nusu karne kukomaa. Kwa hiyo mtu akikuuliza kama mnyama fulani atarudisha uoto, muulize kwanza mnyororo wake una viungo vingapi na kama kilichoharibika ni mmea tu au ni ardhi yenyewe.

Kuna athari nyingine ambayo mimi naiona kuwa ya uhakika zaidi kuliko hiyo ya mimea, ingawa haizungumzwi sana: mwindaji mkubwa huwabana wawindaji wa kati. Yellowstone, koyote, wanyama wa jamii ya mbwa walio wadogo kuliko mbwa mwitu, walipungua kaskazini mwa hifadhi kwa karibu nusu katika miaka ya mwanzo, wengi wakiuawa na mbwa mwitu, na katika eneo jirani la Grand Teton ndama wa pronghoni, mnyama wa mbugani afananaye na swala, waliishi kwa wingi zaidi mahali penye mbwa mwitu, kwa kuwa anayewala hasa ni koyote. Mfano unaonishangaza zaidi unatoka Hispania. Linksi wa Iberia, paka mkubwa wa mwituni mwenye vishungi vyeusi masikioni, walikuwa wamebaki chini ya 100 mwaka 2002. Kutokana na kuzalishwa na kuachiliwa katika maeneo yao ya zamani, walivuka 2,000 mwaka 2023. Linksi huyu hula sungura karibu kila siku, na mtu angetarajia wenye mashamba ya kuwindia sungura wapate hasara. Katika jimbo la Extremadura nchini humo, baada ya linksi kurudishwa, mbweha na nguchiro walipungua kwa karibu asilimia 80, na kwa kuwa wao kwa pamoja walikuwa wakila sungura wengi kuliko anavyokula linksi, jumla ya sungura wanaoliwa ilikadiriwa kushuka. Aliye mlaji wa sungura akawa kinga yao.

Ubanaji huo hufanya kazi pia kinyume na matakwa yetu. Mbwa mwitu wa Afrika wenye mabaka, ambao si wale wa kijivu wa Yellowstone, walitoweka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti mwaka 1991, huku wakiendelea kuishi Loliondo, mashariki mwake, ambako simba na fisi ni wachache zaidi. Simba huua mbwa hawa na duma wadogo, na fisi huwapora mawindo. Anayerudisha simba na mbwa mwitu pamoja katika eneo dogo lenye uzio asidhani amerudisha vitu viwili vinavyojumlishwa. Huenda cha kwanza kikakila cha pili. Hifadhi kadhaa ndogo za Afrika Kusini zimelazimika kudhibiti uzazi wa simba au kuwahamisha, kwa sababu ndani ya uzio mawindo hayana pa kukimbilia na simba hawana pa kutawanyikia.

Nije kwenye hofu, maana hii nayo imekuwa neno la kila mahali. Nadharia inasema kwamba mwindaji hubadili mazingira hata bila kuua, kwa kuwafanya wanyama waache kula sehemu za hatari. Ushahidi mzuri unatoka hifadhi ya Gorongosa, Msumbiji, ambako vita vya mwaka 1977 hadi 1992 viliangamiza zaidi ya asilimia 90 ya wanyama wakubwa, chui na mbwa mwitu wa Afrika wakiwamo. Pongo, ambaye wengine humwita mbawala, kwa kawaida ni mnyama wa vichakani, anayesimama kivulini na kutoka kwa kunyatia. Bila chui, pongo wa Gorongosa walihamia kwenye uwanda wa mafuriko usio na miti, wakala mimea laini yenye lishe bora, wakanenepa na kuipunguza mimea hiyo. Watafiti walipopiga sauti za chui kwa vipaza sauti na kuweka harufu ya wanyama wala nyama, pongo wa uwandani walisogea kuelekea penye miti, ingawa hakuna aliyekuwa ameguswa. Utafiti huo ulitangazwa mwaka 2019. Mwaka mmoja kabla yake, kundi la mbwa mwitu wa Afrika 14 kutoka Afrika Kusini lilikuwa limeachiliwa ndani ya hifadhi hiyo.

Lakini hofu haifanyi kazi sawa kwa kila mwindaji. Chui hunyemelea, hivyo hatari yake imefungamana na mahali na mnyama anaweza kuikariri. Mbwa mwitu wa kijivu hukimbiza, na huwinda zaidi alfajiri na jioni. Elki waliofungwa vifaa vya kufuatilia mwendo walionekana wakiingia katika maeneo hayohayo ya hatari nyakati ambazo mbwa mwitu wametulia. Kichipukizi cha aspeni hakijali kama kimeliwa saa ya hatari au saa ya amani. Na hata mawindo yanapopungua kweli, mimea inaweza isionyeshe chochote: kaunti ya Laikipia nchini Kenya, mbwa mwitu wa Afrika walirudi wenyewe mwanzoni mwa miaka ya 2000 bila kuletwa na mtu, wakala digidigi hadi idadi yao ikashuka waziwazi, lakini viwanja vilivyozungushiwa uzio vilipolinganishwa na vilivyo wazi, miti haikuonyesha kunufaika. Matokeo kama haya hayapati umaarufu, lakini yana thamani sawa na yale ya fisi maji.

Mizoga naitaja kwa ufupi, si kwa sababu ni jambo dogo bali kwa kuwa halina ubishi mkubwa. Kabla ya mbwa mwitu, mizoga ya Yellowstone ilipatikana kwa mkupuo mwishoni mwa majira ya baridi kali, elki dhaifu walipokufa kwa njaa. Mbwa mwitu waliieneza katika mwaka mzima, na kunguru, tai, koyote na dubu wakapata mlo wa kutegemewa zaidi. Kunguru hata huwafuata mbwa mwitu wakiwa bado wanawinda. Udongo ulio chini ya mzoga nao hupata naitrojeni zaidi na hukaa nayo kwa miaka kadhaa.

Umeandika kuhusu mnyama mwindaji wa asili, na sharti hilo la asili usiliachie. Mwaka 2012 shetani wa Tasmania, mnyama mlanyama mwenye mfuko anayesumbuliwa na saratani ya usoni inayoambukiza, alipelekwa kwenye kisiwa cha Maria, karibu na Tasmania nchini Australia, ili kuhifadhi kizazi kisicho na ugonjwa. Nia ilikuwa njema na mnyama alistawi, lakini kisiwa hicho hakikuwa kwao. Pengwini wadogo waliokuwa wakitaga humo, ambao kabla ya hapo walihesabiwa kufikia jozi 3,000, walitoweka kisiwani. Ndege anayetaga ardhini ambaye kwa vizazi vingi hakukutana na mlanyama wa namna hiyo hana silaha wala tabia ya kujikinga. Hali kama hiyo, kwa kiwango kidogo, huweza kutokea hata kwa mwindaji wa asili aliyetoweka muda mrefu, kwani mawindo husahau. Ndiyo sababu vifo vingi vya mwanzo havipaswi kusomwa kama hali ya kudumu.

Kwa hiyo utegemee nini? Mahali popote ambapo mwindaji amerudishwa, mimi ningesubiri kuona ndani ya miaka michache mabadiliko katika mizoga, katika wawindaji wa kati na katika mwenendo wa mawindo. Idadi ya mawindo huchukua muongo au zaidi kuonyesha mwelekeo, na hutegemea pia wanadamu wanawinda kiasi gani. Kuhusu uoto, ningeangalia kwanza maji na udongo. Kama vimeharibika, ningevishughulikia moja kwa moja, kwa kurudisha biva au kujenga mabwawa, bila kumngoja mwindaji afanye kazi isiyo yake. Na kurudi kwa mnyama mwenyewe kusichukuliwe kuwa ndiyo matokeo ya kiikolojia. Hifadhi ya Akagera nchini Rwanda, ambako simba walimalizwa baada ya mwaka 1994, wakarudishwa saba mwaka 2015 na kuzaliana hadi kuvuka hamsini, ni mafanikio makubwa ya uhifadhi kwa haki yake. Lakini idadi ya simba haitwambii nyasi zimefanyaje, na anayetaka kujua hilo lazima apime nyasi.

Upimaji huo uanze kabla mnyama hajaachiliwa. Viwanja vya kulinganishia, vyenye uzio na visivyo na uzio, viwekwe angalau misimu miwili au mitatu mapema, mimea ichaguliwe kwa kubahatisha, na eneo jirani lisilopelekewa mwindaji lipimwe kwa njia ileile na kwa miaka ileile. Bila hayo, mvua nzuri ikinyesha mwaka wa tatu, sifa zake zitapewa mbwa mwitu.